Anzeni na Mto Malagarasi: kwa wanaoingia katika kazi ya sera ya nishati

Ninyi mnaoanza kazi ya sera ya nishati hapa Kigoma mtakabidhiwa kwanza Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nanyi huenda mkadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba sera ya taifa imetoka humo moja kwa moja. Taarifa yangu ya kwanza ilirudishwa ikiwa na swali moja pembeni: kifungu kipi cha sheria yetu kinasema hivyo? Sikuwa na jibu. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2018, lakini kuridhia peke yake hakuugeuzi kuwa sheria ya nchi, na mkataba wenyewe unaiachia kila nchi ijiwekee lengo. Letu, la kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 kulinganisha na hali ya kutochukua hatua, tuliliwasilisha mwaka 2021.

Kwa hiyo usomeni kwanza Mto Malagarasi. Mwaka 2008, Kigoma ikitegemea majenereta ya dizeli, Marekani ilikubali, kupitia shirika lake la Millennium Challenge Corporation, kufadhili umeme wa maji katika maporomoko ya Igamba ya mto huo. Tathmini ya athari kwa mazingira ilipobaini kwamba mradi ungehatarisha viumbe wa majini walio adimu, uliachwa, na sehemu ya fedha ikaelekezwa kwenye umeme wa jua wa shule na zahanati za mkoa. Mkataba wa Paris haukuwapo bado. Kilichoamua ni masharti ya mfadhili, na huo, kwa uzoefu wangu, ndio mlango ambao kanuni za kimataifa hupitia mara nyingi zaidi.

Siwalaumu waliovitetea viumbe hao. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi tuliiingiza wenyewe mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Linaloniuma ni kwamba waliobeba gharama ya uamuzi ule ni wakazi walioendelea na dizeli, hadi gridi ya taifa ilipoanza kufika mkoani mwaka 2022. Leo mto huohuo una mradi wa megawati 49.5, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Basi mkipewa jalada la mradi, ombeni kiambatisho cha masharti ya mazingira na jamii kabla ya kusoma dibaji, kisha mtafute kila sharti limesimama juu ya sheria ipi au lengo lipi la taifa. Mkikuta lisilo na msingi huo, lionyesheni wazi katika taarifa, pamoja na aliyelileta na watakaolibeba.