“Uwazi”, “uangavu” au “kufifisha”?

Swali: Natafsiri somo la usanifu wa tovuti. Niliandika “weka uwazi wa 0.2”, mwanafunzi akafuata, kisanduku chake kikakaribia kutoweka. Nilitaka kiwe na uwazi kidogo tu. Neno sahihi ni lipi?

Jibu: Neno lako limegeuza kipimo. Sifa ya opacity katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za tovuti, hupima jinsi kitu kinavyoziba kilicho nyuma yake: 1 kinaziba kabisa, 0 hakizibi chochote. “Uwazi” hupima kinyume. Wewe ulitaka kipitishe sehemu mbili kati ya kumi. Kompyuta ikaelewa kizibe sehemu mbili. Ungeandika “kiwango cha kuziba 0.8”, mwanafunzi asingekosea. Ni maneno mengi kidogo, lakini yanaelekea upande uleule wa namba.

Zaidi ya hapo, “uwazi” lina kazi nyingine katika usanifu: ni nafasi iliyoachwa. “Ongeza uwazi kati ya picha na maandishi” kila mtu ataelewa ni kuzitenganisha. Usilibebeshe mzigo wa pili katika somo hilohilo. “Uangavu” lina sifa nzuri, maana kioo angavu ni kile kinachopitisha mwanga, ila pia ni hali ya kung'aa, na picha huwa na kipimo chake cha mng'ao. Litumie pale tu ambapo halitachanganywa na mng'ao.

Sasa vitenzi, ambako ndiko somo lako litakakosea au kupatia. Chukua kisanduku cheusi juu ya picha, ndani yake maandishi meupe. Ukikipa opacity ya 0.6, kisanduku kizima kinafifia pamoja na herufi zake, na maandishi hayasomeki vizuri. Kuyapa maandishi 1 hakusaidii, kwa sababu 1 mara 0.6 ni 0.6 ileile. Hapo sema “kufifisha kisanduku”. Lakini ukiweka rangi ya mandharinyuma kuwa rgba(0, 0, 0, 0.6), yaani rangi nyeusi (sifuri tatu) yenye kiwango cha kuziba 0.6, weusi peke yake ndio unaopitisha picha, herufi zinabaki zimekolea. Hapo usiseme “kufifisha”. Sema “rangi inayoonyesha”, kama tunavyosema nguo nyepesi inaonyesha: nguo haijafifia, ila kilicho nyuma yake kinaonekana. Mwanafunzi anayesikia vitenzi viwili tofauti hatachanganya njia mbili. Na kwa kisanduku chenye maandishi, mwelekeze kwenye hii ya pili karibu kila mara.

Tahadhari moja kuhusu “kuficha”. Kitu chenye opacity ya 0 hakionekani, lakini kipo: kinashika nafasi yake na bado kinabonyezeka, hata mtumiaji akashangaa kwa nini kubonyeza mahali patupu kumempeleka ukurasa mwingine. Kikipewa visibility: hidden, kimefichwa, nafasi inabaki, hakibonyezeki. Kikipewa display: none, kimeondolewa kwenye mpangilio na vingine vinasogea kujaza pengo. Basi “kimefifia kabisa”, “kimefichwa” na “kimeondolewa” visibadilishane katika tafsiri yako, hata pale ambapo kwa macho matokeo ni yaleyale.