Jibu: Jirani anapigwa na mumewe hapa Uyole, Mbeya, mtendaji wa mtaa kasema "mambo ya ndoa", tuanzie wapi?

Pole dada. Huyo mtendaji kakosea: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenza kumpiga mwenzake. Halafu mtaa unatakiwa kuwa na kamati ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto), na mtendaji yumo humohumo!

Nendeni polisi, muulizie Dawati la Jinsia na Watoto, msiishie kaunta. Hapo jirani anaandikiwa PF3 (fomu ya polisi kwa aliyejeruhiwa), anaipeleka hospitali daktari ajaze majeraha, kisha inarudi polisi. Hiyo karatasi ndiyo ushahidi, itunzeni kama hati ya shamba. Akiwa anavuja damu au hajitambui, hospitali kwanza, PF3 itafuata.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri msimruke. Ndiye anayeshughulikia watoto, matunzo, na mahali pa kulala akiogopa kurudi. Kwa watoto piga 116, ni bure.

Kesi nyingi huku kwetu hufia kikaoni: wazee wanakaa, faini inalipwa, mama anaombwa afute kesi, na shahidi haonekani tena mahakamani. Kwa hiyo mumuulize jirani mwenyewe kwanza anataka nini, msimburuze. Akikubali, msindikizeni wawili.