Jengo Lina Rehani ya Benki: Je, Nimweleze Mnunuzi?

SWALI: Ninauza jengo langu la fremu sita za maduka mjini Mwanza. Hati ipo benki kwa sababu ya mkopo ambao nimebakiza kama robo yake. Dalali ananishauri nisimwambie mnunuzi, niandike tu kwamba jengo linauzwa "kama lilivyo", kisha nilipe benki kwa malipo ya awali. Je, sheria inanilazimisha kusema?

JIBU: Ndugu msomaji, mweleze, tena kwa maandishi. Maneno "kama lilivyo" nayaona katika mikataba mingi kupita kiasi, na kila aliyeyaandika anaamini yamefuta kasoro zote, kuanzia nyufa za ukuta hadi deni la benki. Yanahusu hali ya jengo lenyewe: bati linalovuja, choo kilichoziba, rangi iliyobanduka. Rehani ni haki ya mtu mwingine juu ya mali hiyo, na mnunuzi akizikagua fremu zote sita kwa tochi hataiona.

Dalali wako, nadhani, amesikia nusu ya sheria. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba ukimya mtupu si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomtaka anayenyamaza aseme, au ukimya wenyewe unapokuwa sawa na kusema. Kifungu cha 19 nacho kinamzuia mnunuzi kuutengua mkataba kwa sababu ya ukimya wa aina hiyo iwapo angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, na rehani iliyosajiliwa hugundulika kwa upekuzi, yaani kukagua daftari la hati za ardhi, katika ofisi ya Msajili wa Hati. Hapo ndipo madalali wanapokifunga kitabu, bila kutambua kwamba kinga hiyo haikuwekwa kwa ajili ya muuzaji aliyeandika uongo akijua ni uongo.

Nawe utauandika, hata kama hukukusudia. Mikataba mingi ya mauzo inayochapwa steshenari ina sentensi isemayo kwamba muuzaji anathibitisha mali haina deni wala mgogoro wowote. Ukitia saini chini ya sentensi hiyo huku hati yako ikiwa kabatini mwa benki, hujanyamaza tena. Umesema, na ulichosema si kweli. Mnunuzi aliyekwisha kulipa anaweza kukudai fidia, na anaweza pia kwenda polisi kulalamika kwamba umejipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kosa lililomo katika kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu.

Na yote hayo ya nini? Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, rehani ni dhamana tu na haikuondolei umiliki, hivyo jengo lako linauzika, mradi benki iridhie. Omba benki barua ya salio la deni, mwoneshe mnunuzi kabla hajalipa hata shilingi moja, na mkataba uelekeze kiasi hicho kilipwe benki moja kwa moja, nayo benki iachie hati pamoja na waraka wa kufuta rehani ili usajiliwe. Kuyapitisha malipo ya awali mfukoni mwako kwanza ni kumkopa mnunuzi bila yeye kujua.

Rehani ya benki angalau imo katika daftari la Msajili. Majengo ya biashara yana mizigo mingine ambayo haimo: hati iliyoachwa kwa mkopeshaji binafsi kwa kuandikiana karatasi, malimbikizo ya pango la ardhi, au wapangaji waliokwisha kulipa kodi ya fremu ya mwaka mzima, ambayo muuzaji ameshaitumia. Mizigo ambayo upekuzi hauioni ndiyo muuzaji anayopaswa kuitaja kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo hawezi kumlaumu mnunuzi kwa uzembe.

Kwa upande wa wanunuzi, msidanganyike na hati halisi iliyo mkononi mwa muuzaji wala na muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo haitunzi daftari la rehani. Jengo likiwa la kampuni, ulizeni pia BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, kama mali zake zimewekewa dhamana. Na upekuzi uliofanywa miezi mitatu iliyopita urudiwe siku chache kabla ya malipo, kwa sababu zuio la kuhamisha mali linaweza kuwekwa wakati wowote kabla ya uhamisho kusajiliwa.