Mkimbiaji ananitaka, nami naogopa

SWALI: Hujambo shangazi? Nauza chai na mandazi hapa Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, nalea binti wangu peke yangu. Mwanariadha wa marathoni hupitia kwangu baada ya mazoezi ya alfajiri, na sasa ananitaka. Baba mtoto alinitoroka. Huyu naye wiki nzima yuko kambini, kisha aende mbio Ulaya. Nimwamini?

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kambi isikutishe, wengi hurudi nyumbani wikendi, na marathoni kubwa hukimbia mbili hivi kwa mwaka. Muulize Jumapili zake hushinda wapi, na nani. Pesa za zawadi usizihesabu: goti likigoma, zinakatika. Binti asimwite baba mapema. Na chai aendelee kulipia!