Maswali ya Wasomaji: Uso wa Majivu, Koti la Nyufa

SWALI: Nachora babu yangu kwa rangi ya mafuta, nikitazama picha yake. Ni mweusi, lakini kila nikitia nyeupe ili mwanga uonekane, uso unapauka kama uliopakwa majivu. Na koti lake, nililolimaliza miezi minne iliyopita, limeanza kupasuka. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Tuanze na uso. Nyeupe ya titani ni baridi na ina nguvu. Ukiitia kwenye kahawia, inapausha tu. Nyeusi nayo iweke kando. Kivuli kichanganye kwa amba iliyochomwa (kahawia nzito), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na bluu ya altramarini (bluu iliyokolea). Ukielekea kwenye mwanga, ongeza siena, kisha oka ya njano na chembe ya nyekundu.

Nyeupe ni ya mng'aro peke yake, yaani pale mwanga unapopiga na kurudi. Mng'aro wa ngozi nyeusi hufanya kazi kama kioo: hubeba rangi ya kinachoumulika. Mtu aliyekaa dirishani hupata mng'aro wa kibluu. Chini ya balbu ya mwanga wa njano, wa kinjano. Uchanganye pembeni, uuweke kwa mguso mmoja kwenye paji, mgongo wa pua, kifupa cha shavu na mdomo wa chini. Usiusugue, maana utachanganyika na kahawia mbichi iliyo chini na majivu yatarudi. Kama picha ilipigwa kwa flashi, usiamini mng'aro wake. Flashi hulalisha pua.

Kuhusu koti, yaelekea ulianza na rangi yenye mafuta mengi ukamalizia na iliyozimuliwa kwa tapentaini. Rangi ya mafuta hukauka kwa mafuta yake kushika oksijeni ya hewani. Tabaka la juu likitangulia kukauka huku la chini bado linajongea, la juu hupasuka. Safari nyingine tabaka la kwanza liwe jembamba, kwa tapentaini tupu. La pili, mafuta ya kitani (linseed) sehemu 1 kwa tapentaini 3. La mwisho, nusu kwa nusu. Amba hukauka upesi, ndiyo ya kuanzia. Nyeusi ya mifupa (rangi ya mifupa iliyochomwa) hukawia mno, usiitandaze kwenye tabaka la chini. Koti hilo likwangue. Ukipaka juu yake, nyufa zitajitokeza tena.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike: hupata joto vyenyewe hata vikawaka. Vianike nje kimoja kimoja.

SWALI: Rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi haifai?

JIBU: Kwa mlango, inafaa sana. Kwa uso, hapana: hujitandaza yenyewe ikafuta alama za brashi, na nyeupe yake hugeuka manjano.