Anakariri maneno ya Kiingereza lakini ufahamu unamshinda

Ndugu, umeuliza umsaidieje mwenzako wa bwenini, Mchina anayekariri orodha ya maneno kila usiku lakini akifika kwenye ufahamu wa mtihani wa CET-4, ule wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya China, anakwama. Nakuomba umtoe kwanza kwenye hiyo orodha. Ufahamu una asilimia 35 ya alama za mtihani ule, na nadhani kinachomsumbua zaidi ni sentensi ndefu, siyo msamiati. Kwa Kichina, kishazi kinachoeleza nomino huitangulia. Kwa Kiingereza hufuata nyuma, kama kwetu, na hapo ndipo anapopotea.

Mpe aya moja kwa siku. Asome bila kamusi, apigie mstari kiima na kitenzi kikuu cha kila sentensi, kisha akueleze kwa maneno yake nani kafanya nini. Hapa usimharakishe kabisa. Ndipo afungue kamusi, kwa maneno yale tu yaliyomzuia kuelewa, na ayaandike daftarini pamoja na sentensi nzima alimoyakuta. Baada ya siku chache airudie aya ileile.

Simu ya kutafsiri kila mstari aiweke mbali. Mitihani ya miaka iliyopita ataifanya baadaye, akishazoea.