Obijekti za performance zinazolewa na kizoa taka: nani azishike?

Mkuu, umesema umehamisha obijekti za performance (zinazoipa skripti nyakati za ukurasa kupakia) kwenye injini yako ya kivinjari, kutoka kuhesabu marejeo (obijekti hufutwa hesabu ya wanaoitaja ikifika sifuri) kwenda kwa kizoa taka (garbage collector, kinachopita na kufuta obijekti zisizofikiwa tena), na sasa kitu ambacho skripti imebandika kwenye performance.timing kinapotea ukurasa ukikaa muda. Unauliza kama urudi ulikotoka. Usirudi. Mimi huchangia injini ya chanzo huria nikiwa hapa Dodoma, Nkuhungu, na sehemu hii nimeishughulikia sana.

Skripti inaandika performance.timing.jina = "a". Kama umeishika timing kwa pointa dhaifu (isiyoizuia kufutwa), kizoa taka kikipita hakioni anayeihitaji, kinaiondoa pamoja na hiyo "a". Skripti ikiuliza tena inapewa nyingine, tupu. Spesifikesheni inataka ileile kila mara. Mwandishi wa ukurasa hatakiwi hata kuhisi kwamba kizoa taka kimepita! Kwa hiyo dirisha liishike Performance, nayo Performance iishike timing, kwa pointa imara, na kila pointa uitaje kwenye fankisheni ya kufuatilia: Trace kwa Blink (injini ya Chrome), visit_edges kwa Ladybird (kivinjari cha chanzo huria). Ukiruka mstari mmoja hapo, kompaila ya C++ peke yake haikuonyi. Utakuja kusoma memori ambayo imeshapewa mwingine.

Kuhesabu marejeo kusingekuokoa. Skripti ikiweka msikilizaji wa resourcetimingbufferfull (tukio la kujaa kwa bafa ya resource) anayeitaja performance yenyewe, mduara umefungwa na hesabu haifiki sifuri kamwe.

Namba zenyewe usiziweke ndani ya timing. navigationStart (wakati safari ya kwenda kwenye ukurasa ilipoanza) inapigwa kabla dokumenti mpya haijakuwepo, kwa hiyo Blink huzitunza kwa kipakiaji cha dokumenti, na PerformanceTiming inasoma tu kutoka huko. Fremu ikiondolewa huku skripti bado imeishika timing yake, rudisha 0, injini isianguke.

Halafu angalia PerformanceObserver, obijekti inayoiarifu skripti vipimo vipya vikiingia. Watu wengi huiunda na kuita observe papo hapo bila kuiweka kwenye variabo yoyote, na bado wanategemea taarifa zije. Orodha ya waliosajiliwa ndiyo iishike mpaka disconnect iitwe.

Memori ikizidi kupanda, usikimbilie kulaumu kizoa taka. Bafa ya resource (nyakati za faili ambazo ukurasa umepakia) ina kikomo cha kawaida cha maingizo 250, lakini mark na measure (alama na vipimo ambavyo skripti huweka yenyewe) hazina kikomo. Ukurasa usiofungwa siku nzima huzirundika mpaka mwenyewe azifute.

Kupima: usisubiri kizoa taka kije kwa wakati wake. Ili kukilazimisha kipite, SpiderMonkey (injini ya JavaScript ya Firefox) ina gczeal, V8 (ya Chrome) ina --expose-gc inayokupa gc(). Laptop yangu ni ya GB 8, kujenga injini nzima ni kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika katikati ni balaa. Ndiyo maana naandika kurasa ndogo za majaribio, moja kwa kila pointa, na kuita gc() kabla ya kila ulinganisho.

Bandika hapa geta yako (fankisheni inayorudisha timing) na Trace yake, nitazipitia jioni.